Fleti 112 kwenye nusu ekari: kupima michoro dhidi ya kanuni za ukanda, Nairobi

Swali: Mimi ni katibu wa chama cha wakazi wa barabara moja huku Kileleshwa. Nyumba ya zamani ya familia moja, iliyo kwenye nusu ekari, imeuzwa, na langoni pamebandikwa tangazo la kuomba kibali cha kujenga fleti 112 katika jumba la orofa 15. Upande wa chini ploti inashuka hadi mto Kirichwa Kubwa. Tumepata nakala ya michoro. Wanachama wanataka barua ya kupinga iende wiki hii, lakini hakuna kati yetu anayejua tuanzie wapi. Tunapimaje kama mradi huu unafuata kanuni za jiji?

Jibu:

Katibu, kabla hamjafunua michoro, someni tangazo la langoni na mnukuu mambo matatu: namba ya ombi, namba ya ploti, na siku mlizopewa za kutoa pingamizi, ambazo mara nyingi ni 14. Lipigeni picha pamoja na lango lenyewe. Matangazo haya hupotea, na baadaye mtaulizwa mlijua lini.

Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya 2019, kifungu cha 58, inamtaka mwombaji autangazie umma mradi wake na kuwaalika watu wapeleke pingamizi kwa waziri wa kaunti anayehusika. Kifungu hichohicho kina jambo ambalo wakazi wengi hawalijui: mwombaji asipopata jibu la maandishi kwa siku 60, huhesabiwa kuwa amepewa kibali. Kaunti ikinyamaza, anayefaidika ni yeye. Barua ya kurasa mbili yenye hesabu sahihi, ikifika siku ya kumi, ina nguvu kuliko ripoti nene iliyofika muda ukiwa umekwisha.

Sasa swali gumu: kanuni zipi?

Waraka ambao umetumika Nairobi kwa miaka mingi ni mwongozo wa kanda wa 2004, uliogawa jiji katika kanda zenye namba. Kileleshwa iko katika ukanda wa 4, pamoja na Kilimani, Riverside, Spring Valley, Thompson na Woodley. Mwongozo huo unaruhusu fleti katika ukanda huu, lakini zisizidi orofa nne, na pale tu ploti ilipounganishwa na bomba la majitaka la jiji. Jengo lisifunike zaidi ya asilimia 35 ya ploti. Sakafu za orofa zote zikijumlishwa, zisizidi asilimia 75 ya eneo la ploti. Pasipo bomba la majitaka, vipimo vyote viwili hushuka hadi asilimia 25.

Mtauliza, basi haya majumba marefu yaliyojaa Kileleshwa yalipitaje? Kaunti imekuwa ikiidhinisha majengo marefu kuliko hayo. Mwombaji wenu ataegemea mpango mkuu wa jiji wa 2014 hadi 2030, unaojulikana kama NIUPLAN, unaopendekeza watu wengi zaidi kwa kila ekari, pamoja na sera ya udhibiti wa ujenzi iliyoandaliwa 2021. Kesi ya wakazi wa Rhapta Road, Westlands, ilizungukia swali hilihili: orofa ngapi, na kwa waraka upi. Kwa hiyo msiandike tu kwamba sheria inaruhusu orofa nne mkaishia hapo. Iandikieni kaunti barua ya pili, siku moja na ile ya pingamizi, mkiuliza: ombi namba fulani linapimwa kwa waraka gani, ulipitishwa lini na bunge la kaunti, na ulichapishwa wapi. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inaipa ofisi ya umma siku 21 kujibu. Msingoje jibu hilo ndipo mpinge; siku zenu 14 zitakuwa zimeyoyoma. Na kwa kuwa mahakama zinaendelea kuamua juu ya jambo hili, wakili aisome barua kabla haijataja kesi yoyote kwa jina.

Hata waraka uwe upi, kazi ya kupima ni ileile. Maafisa wa mipango hupokea barua nyingi zinazosema jengo litaharibu hadhi ya mtaa. Barua hizo huingia kwenye faili na kukaa humo. Inayomfanya afisa afungue michoro upya ni ile inayosema: ukurasa huu, kipimo hiki, kinachoruhusiwa ni hiki, tofauti ni hii.

Kwanza hakikisheni mnapima kitu sahihi. Michoro ya majengo huchorwa kwenye karatasi kubwa ya A1, halafu nakala zinazozunguka mitaani huchapishwa kwenye A3. Karatasi ya A3 ina nusu ya urefu na nusu ya upana wa A1, kwa hiyo mchoro ulioandikwa 1:100 umekuwa 1:200. Ukiweka rula bila kujua hilo, kila urefu utatoka nusu na kila eneo litatoka robo. Tafuteni kitu chenye kipimo kilichoandikwa, mathalani nafasi ya gari yenye upana wa mita 2.5. Ikiwa kwenye karatasi yenu ni milimita 12.5, mko kwenye 1:200. Na palipo na namba iliyoandikwa, tumieni namba. Rula iwe ya kukagua.

Angalieni pia mihuri. Michoro ya usanifu iwe na jina na namba ya usajili ya msanifu majengo aliyesajiliwa na BORAQS, bodi ya wasanifu majengo na wakadiriaji, na ya uhandisi iwe na ya mhandisi aliyesajiliwa na bodi ya wahandisi, EBK. Orodha za waliosajiliwa ziko wazi kwa umma. Muhuri wa mtu asiye kwenye orodha unatosha kurudisha ombi zima, na kuukagua ni kazi ya dakika tano.

Eneo la ploti ndilo linaloharibu au kutengeneza hesabu zote zinazofuata, kwa hiyo tutakaa hapo kidogo. Fanyeni upekuzi wa hatimiliki katika masjala ya ardhi, ile watu huita sachi, na mpate nakala ya ramani ya upimaji. Linganisheni eneo lililo kwenye hati na lile lililoandikwa pembeni mwa ramani ya kiwanja. Nusu ekari ni mita za mraba 2,023. Mara kwa mara mchoraji hupima hadi ukingo wa lami, au hadi katikati ya mto, na eneo "linakua" kwa mita mia mbili bila mtu kusema uongo waziwazi.

Halafu kuna ardhi iliyo ndani ya hati lakini haijengeki. Mkanda wa barabara ni wa kwanza: ombi la kubadili matumizi mara nyingi huambatana na sharti la kuachia kaunti kipande cha mbele ili barabara ipanuliwe. Tuseme mbele ni mita 35 na kipande kinachoachwa ni mita 3. Hapo zimetoka mita za mraba 105. Wa pili ni ukingo wa mto. Kanuni za ubora wa maji, chini ya sheria ya mazingira, zinakataza shughuli za ujenzi katika upana sawa na upana wa mto, usiopungua mita 6 wala kuzidi mita 30 kila upande, kuanzia alama ya juu kabisa ambayo mafuriko yamewahi kufika. Sehemu hiyo ya mwisho ndiyo watu husahau. Kipimo hakianzii kwenye maji mnayoyaona mwezi wa Agosti. Kinaanzia pale maji yalipofika mwaka mbaya kuliko yote, na kwa mvua za Aprili na Mei 2024 wakazi wa bondeni wana picha za simu zenye tarehe. Kusanyeni picha hizo. Tuseme ndani ya ploti ukingo huo unachukua wastani wa mita 8 kwa mita 35, yaani mita za mraba 280.

Inabaki 2,023 toa 105 toa 280, sawa na 1,638.

Mwombaji atashikilia 2,023, kwa hoja kwamba hati ni hati. Msigombane naye hapo. Pigeni hesabu mara mbili, kwa eneo lote na kwa eneo linalojengeka, na muweke zote mbili kwenye barua. Ikiwa mradi unavuka kipimo hata kwa eneo lote, ubishi wa mto haubadilishi jibu.

Kiwango cha kufunika ploti ni eneo la jengo likitazamwa kutoka juu: kuta za nje, nguzo, na sehemu za orofa za juu zilizochomoza. Tuseme orofa ya chini ina mita za mraba 780. Gawanya kwa 2,023, unapata asilimia 38.6. Kwa eneo linalojengeka ni asilimia 47.6. Ukanda wa 4 unasema 35, yaani mita 708. Mwombaji amezidisha mita 72 kwa hesabu inayompendelea yeye.

Jumla ya sakafu inahitaji subira zaidi, kwa sababu hapa ndipo majedwali ya hesabu kwenye michoro hudanganya. Msiamini jedwali, jumlisheni wenyewe orofa kwa orofa. Orofa ya chini 780, halafu orofa 14 zenye mita 720 kila moja, ambazo ni 10,080. Jumla 10,860. Gawanya kwa 2,023: asilimia 537. Kipimo cha 2004 ni 75, yaani mita za mraba 1,517. Kila fleti hapa inakula kama mita 97 ukigawa na kumbi za kupitia, kwa hiyo ploti hii ingebeba fleti 15 au 16 badala ya 112. Tofauti ikiwa mara saba, afisa hawezi kuiita marekebisho madogo, na ni lazima ataje waraka mwingine unaomruhusu. Ndiyo maana barua ya pili ni muhimu.

Vitu vinavyoachwa nje ya jedwali mara nyingi ni balkoni zilizofunikwa na kuzungushiwa kuta pande tatu, kumbi na ngazi, mezanini (orofa ndogo iliyo kati ya orofa mbili), ukumbi wa mazoezi juu ya paa, na orofa ya paa iliyoitwa "chumba cha mitambo" ingawa ina choo na jiko. Maegesho ya chini ya ardhi kwa kawaida hayahesabiwi, na hapo kwenye maneno "chini ya ardhi" pana jambo.

Tafuteni mchoro wa mkato, ule unaoonyesha jengo kama limekatwa kwa kisu kutoka barabarani hadi mtoni. Ndani yake kuna mstari wa vidoti: ndio usawa wa asili wa ardhi kabla haijachimbwa. Fuateni mstari huo kwa kidole. Kwenye ploti inayoshuka, orofa mbili za maegesho zilizoandikwa "chini ya ardhi" zitakuwa zimefukiwa upande wa barabara, lakini mkifika upande wa mto mstari wa vidoti unapita chini yake. Zimesimama nje, mchana kweupe. Jirani aliye ng'ambo ya mto ataona orofa 17. Mchoro usiokuwa na mstari huo, au wenye mstari ulionyooka kwenye ploti ambayo kila mtu anajua ina mteremko, haujakamilika, na barua iuseme hivyo. Omba ramani ya mwinuko wa ardhi iliyopimwa na mpima ardhi. Mradi wa ukubwa huu hauwezi kuwa umechorwa bila hiyo.

Wakati mko kwenye mkato, tazameni njia ya magari ya kushukia. Kutoka usawa wa barabara hadi maegesho ya kwanza ni mita 3 au zaidi. Njia ambayo gari dogo linapita bila kukwaruza tumbo huwa na mwinuko wa mita 1 kwa kila mita 8, kwa hiyo inahitaji mita 24 za urefu, ukiacha sehemu tambarare juu na chini. Nimeona michoro mingi yenye njia ya mita 13 au 14. Hiyo ni kama 1 kwa 4.5. Kibali hutoka, jengo hujengwa, madereva wanaikwepa, na magari hulala barabarani mbele ya lango lenu. Hesabuni pia nafasi zenyewe: kila moja mita 2.5 kwa 5, na njia ya katikati mita 6 kama magari yanaingia kwa pembe mraba. Ukijumlisha njia, gari moja linataka mita za mraba kati ya 25 na 30. Magari 112, tuseme kwa 28, ni mita za mraba 3,136. Orofa mbili za maegesho zingetaka karibu mita 1,570 kila moja, na eneo linalojengeka ni 1,638. Maana yake ni kwamba uchimbaji utafika karibu kabisa na ukuta wa jirani pande zote. Hapo waulizeni mhandisi wao ameonyesha wapi ukuta wa kuzuia udongo, na jinsi atakavyouzuia kabla hajachimba mita 6 kando ya nyumba yenye msingi wa miaka hamsini iliyopita.

Majitaka. Wakazi wengi huandika kwamba bomba litapasuka, na mhandisi wa mwombaji huwajibu kwa mistari minne. Tufanye hesabu yake kabla yake. Fleti 112, watu 4 kila moja, lita 150 kwa mtu kwa siku: lita 67,200. Asilimia 80 yake hurudi kama majitaka, karibu lita 54,000. Wastani ni lita 0.6 kwa sekunde, na saa za asubuhi, ukizidisha mara nne, ni kama 2.5. Bomba la milimita 150 lenye mteremko wa 1 kwa 100 hubeba takriban lita 15 kwa sekunde likijaa. Jengo moja halilijazi. Majengo sita ya namna hii yanalijaza. Kwa hiyo hoja yenu isiwe juu ya jengo hili peke yake. Hesabuni majumba yaliyokwisha kujengwa na yenye vibao vya ujenzi kwenye bomba lilelile, mwandike fleti za kila moja, mwombe barua ya kampuni ya maji na majitaka ya jiji inayotaja kipenyo cha bomba na kiasi kinachopita sasa. Barua ya "hatuna pingamizi" isiyo na namba hizo haijibu chochote. Na kama mwombaji anapendekeza mtambo wake wa kusafishia majitaka, mkumbuke kwamba mwongozo wa 2004 unashusha vipimo hadi 25 pasipo bomba la jiji, na kwamba kumwaga maji ya mtambo mtoni kunahitaji leseni nyingine ya NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira.

Maji ya mvua yana uzito wa kweli kwenye ploti ya mto. Mvua ya milimita 50 juu ya mita 1,600 za paa na zege huleta kama mita za ujazo 72, kwa kuwa karibu yote hukimbia. Nyumba ya zamani na bustani yake ilikuwa ikiachia nusu ya hiyo. Tafuteni kwenye ramani ya kiwanja tangi la kuyashikilia, na ukubwa wake uwe umeandikwa. Bomba jeusi linaloishia kwenye mstari wa mpaka si suluhisho. Limehamishia maji kwa mtu mwingine.

Kuhusu mwanga, watu husema jengo litatufunika bila kusema lini na upande gani. Nairobi iko karibu sana na ikweta, kwa hiyo saa sita na nusu mchana kivuli ni kifupi mwaka mzima: jengo la mita 48 hutupa kivuli cha kama mita 22 upande wa kusini mwezi Juni, na kama mita 20 upande wa kaskazini mwezi Desemba. Wanaoumia ni walio mashariki na magharibi. Machi na Septemba, mnamo saa tatu na nusu asubuhi, jua liko nyuzi 45, na kivuli kina urefu sawa na jengo: mita 48 kuelekea magharibi. Alasiri, karibu saa tisa na nusu, kinageuka upande wa pili. Chukueni ramani, chora mita 48 kila upande, na mtaje namba za ploti zinazoguswa. Ni mchoro wa penseli wa dakika kumi ambao mwombaji hakuuweka makusudi.

Sasa turudi masjala. Kwenye hati za mitaa ya zamani mara nyingi mna masharti: nyumba moja ya makazi, jengo lisivuke mstari fulani kutoka barabarani. Kama sharti ni nyumba ya familia moja, mwombaji anahitaji vibali viwili tofauti, cha kubadili matumizi ya ardhi na cha michoro ya jengo. Someni cha kwanza kwa makini. Barua ya kubadili matumizi inayosema "makazi ya familia nyingi" bila kutaja idadi ya fleti wala orofa ni mlango ulioachwa wazi, na miaka miwili baadaye "michoro iliyorekebishwa" hupitia humo ikiwa na orofa nne zaidi. Ombeni idadi iandikwe kwenye barua hiyo ya kwanza.

Kuna pia idhini zinazotoka nje ya kaunti. Urefu wa jengo huangaliwa na mamlaka ya usafiri wa anga, KCAA, na kwa jirani wa Uwanja wa Wilson kama Kileleshwa si jambo la kupuuza. Orodha ya miradi chini ya sheria ya mazingira, ilivyorekebishwa 2019, inaweka mitaa mipya yenye zaidi ya nyumba 100 katika kundi la hatari kubwa, ambalo hudai utafiti kamili wa athari. Fleti 112 ziko humo. Mkiona kesho michoro imebadilika na kuwa na fleti 98, mtajua sababu.

Barua yenyewe iwe na kichwa chenye namba ya ombi na ya ploti, sentensi moja ya nyinyi ni nani na mnakaa umbali gani kutoka kwenye ploti, kisha jedwali la safu tano: jambo, ukurasa wa mchoro, kinachoruhusiwa na waraka upi, kinachopendekezwa, tofauti. Mistari sita au saba inatosha. Chini yake wekeni maombi mawili kwa mpangilio. La kwanza: ombi likataliwe kwa sababu limevuka vipimo vya ukanda. La pili, iwapo kaunti haitakubali la kwanza: masharti mnayoyataka yaandikwe kwenye kibali, kama kupunguzwa kwa orofa, jengo kusogezwa kutoka mtoni, njia ya magari kuchorwa upya, tangi la maji ya mvua, saa za kazi. Baadhi ya wanachama wataona ombi la pili ni kusalimu amri. Kwa Kileleshwa ya leo mimi naliona ndilo lenye nafasi kubwa ya kuzaa kitu, maana kaunti iliyokwisha kuruhusu orofa 14 kwa jirani haitamwambia huyu nne kwa urahisi, lakini kwa hoja ya mto na ya njia ya magari haina pa kujifichia. Pelekeni nakala mbili, moja irudi kwenu na muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Barua pepe peke yake isitegemewe.

Uamuzi ukitoka na hamkuridhika, msikimbilie mahakamani. Kifungu cha 61 cha Sheria ya Mipango kinampa mtu mwenye maslahi siku 14 za kukata rufaa kwa kamati ya kaunti ya mipango na matumizi ya ardhi, ambayo nayo ina siku 14 kuamua, ndipo Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Leseni ya NEMA ina mlango wake: Jopo la Kitaifa la Mazingira, ndani ya siku 60. Wakazi wengi wametupwa nje kwa kugonga mlango usio wao, na wakati shauri linabishaniwa kuhusu mlango, zege linamwagwa.

Kibali kikitoka, ombeni nakala ya barua ya masharti na michoro iliyogongwa muhuri, kwa sababu hiyo ndiyo mtakayoitumia kuanzia hapo. Kibao cha ujenzi kikisimikwa, linganisheni namba ya usajili wa NCA (mamlaka ya taifa ya ujenzi) na maelezo ya mradi na yale yaliyoidhinishwa. Kila sakafu ikimwagwa, mtu mmoja apige picha kutoka mahali palepale na kuandika tarehe. Ikimwagwa ya kumi na sita, ombeni kwa maandishi ilani ya utekelezaji chini ya kifungu cha 72 cha sheria hiyohiyo ya mipango, mkiambatanisha picha na ukurasa wa mkato uliogongwa muhuri, siku ileile mbao za ile ya kumi na saba zinapoanza kupandishwa.